Barabara Hii Ilijengewa Nani?

Karakana ninayofanyia kazi ipo Villach, kusini mwa Austria, si mbali na stesheni. Njia mbili za baiskeli huingia mjini zikiwa pamoja, kisha huachana: moja inaufuata mto Drau kuelekea Slovenia, nyingine inageukia kusini, inaingia Italia na kwenda kuishia bahari ya Adriatiki. Kwa hiyo tangu theluji inapoyeyuka bondeni hadi majani yanapopukutika, sikosi mtu mlangoni mwenye ramani mkononi na swali lile lile: safari ya siku nne, tano au sita kupitia milima ya Alpi, je, mimi nitaiweza?

Wengi huja na hesabu zao tayari. Wananitajia kilomita za kila siku, na jinsi wanavyoendesha kila Jumapili huko kwao kwenye tambarare. Nawasikiliza, halafu nawauliza: barabara unayotaka kuipita ilijengewa nani? Askari wa Roma, baghala wa wachuuzi, mizinga ya Napoleon, farasi wa posta, treni au motokaa? Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na ufundi wa baiskeli nilianza nao kule. Miaka niliyokaa huku nikitengeneza magurudumu ya wasafiri imenifundisha kwamba jibu la swali hilo linaeleza habari za miguu yako kuliko kilomita. Milima hii haikupasuliwa kwa ajili ya baiskeli. Baiskeli ilikuja mwisho, ikakuta njia zimeshachorwa na watu wengine kwa haja zao, na uchovu wetu wa leo tumeurithi kutoka kwenye haja hizo.

Warumi hawakupenda kupanda bure. Mwaka 15 KK Drusus na Tiberius, watoto wa kambo wa Kaisari Augusto, waliingiza majeshi milimani, na Drusus akaanza kufungua njia ya kuyapitisha. Mwanawe Klaudio aliikamilisha alipokuwa kaisari, mwaka 46 na 47 BK. Jiwe la maili lililopatikana mwaka 1552 katika kijiji cha Rabland, jirani na Merano, lina maandishi yake, naye humo anataja kazi iliyoanzwa na baba yake. Via Claudia Augusta iliunganisha kaskazini mwa Italia na mto Danube. Ilibeba watu wenye mizigo waliotakiwa kufika wakiwa bado na nguvu za kupigana, kwa hiyo wapimaji wake walitafuta vipito vya chini kabisa, ile mianya ambamo milima imejiinamisha. Wakapata Fern, mita 1,200 na ushei, na Reschen, mita 1,500 na ushei, katika nchi ambayo vilele vyake vinapita 3,000.

Leo njia ya baiskeli yenye jina hilo hilo ina urefu wa kama kilomita 700, kutoka Donauwörth nchini Ujerumani hadi Venice, au kwa tawi la pili hadi Ostiglia kando ya mto Po. Vitabu vingi vya safari huipa daraja la kati, na mimi naona daraja hilo halisemi kitu. Pale Fern, baiskeli haziendi na barabara ya magari. Zinapitishwa msituni kwenye njia ya mawe na kokoto, na mwenye mikoba miwili ya nyuma atashuka asukume hata kama ana miguu ya chuma. Kumbe Reschen, palipo juu zaidi, ni pepesi kuliko Fern. Ukitoka Landeck unakwenda na mto Inn hadi Martina, upande wa Uswisi, kisha unapanda kona 11 zilizopangwa vizuri hadi Norbertshöhe na kuteremkia Nauders. Mtu wa kwetu aliyewahi kupanda kwa baiskeli kutoka Mombo hadi Lushoto, karibu mita 1,000 za mwinuko katika kilomita zipatazo 33, ameshafanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Baada ya hapo unalikuta ziwa la Reschen, na ndani ya maji umesimama mnara wa kanisa la kijiji cha Graun, kilichozamishwa mwaka 1950 ili kupata umeme. Kutoka ziwani hadi Merano ni kama kilomita 80 za kuteremka bonde la Vinschgau, katikati ya mashamba ya matofaa, kutoka mita 1,500 hadi kama 325. Reli ya bonde hilo ilifunguliwa mwaka 1906, ikafungwa mapema miaka ya 1990, ikafufuliwa 2005, na tangu hapo familia nzima hupanda treni na baiskeli zao hadi Mals na kurudi zikiteremka. Barabara hiyo hiyo ukiipita kutoka kusini kwenda kaskazini ni siku nzima ya kupanda mita 1,200. Madaraja ya uwezo yanayochapishwa mara nyingi hayataji upande unaotoka, na hilo linanikera, kwa sababu nimeona watu wenye afya njema wamekata tamaa ya milima kwa kuwa waliianza safari upande usio wao.

Karne zilizofuata Warumi nazipita haraka. Barabara zilichakaa, biashara ikahamia migongoni mwa baghala, na baghala hana haja ya mteremko mpole wala ya upana. Anapanda wima, anatia kwato kwenye jiwe, anapita. Njia hizo bado zipo, na wanaozifuata leo ni vijana wenye baiskeli za milimani zenye springi mbele na nyuma. Kwa msafiri wa siku nyingi mwenye mizigo, nasema hapana.

Mizinga ndiyo iliyobadilisha mambo. Mwezi Mei 1800 Napoleon alivuka kipito cha Grand-Saint-Bernard, mita 2,469, na mizinga ilivutwa na watu ikiwa imelazwa ndani ya magogo yaliyochongwa mfano wa mitumbwi. Aliona taabu ile, akaagiza barabara ambayo mzinga ungepita juu ya magurudumu yake mwenyewe. Kazi ya barabara hiyo, kwenye kipito cha Simplon, ilianza 1801 ikaisha 1805. Wahandisi wake walibanwa na mnyama: farasi anayevuta mzigo mzito hawezi kupanda ukuta kwa saa tatu mfululizo, ataanguka. Ikabidi barabara izunguke, iende mbali na kurudi, iukate mlima kwa ubavu. Wanaposikia habari za kona nyingi wageni wangu huogopa. Nawaambia kona nyingi ni rehema, kwa kuwa kila kona ilichimbwa ili mwinuko upungue.

Mfano mkubwa ni Stelvio. Baada ya 1815 Lombardia ilikuwa chini ya Austria, na Vienna ilitaka njia ya kufika Milano bila kukanyaga nchi ya watu. Mhandisi Carlo Donegani aliijenga kati ya 1820 na 1825: kona 48 upande wa Prad, hadi mita 2,757. Mwinuko wake wa wastani ni asilimia 7 na kitu. Kwa gia nyepesi mtu wa kawaida anaweza kuuendesha mwinuko huo. Kinachomshinda ni kwamba haukatiki kwa kilomita 24, na juu kule hewa imepungua. Kwa hiyo barabara za farasi, kwa maneno yangu, ni za mtu mwenye subira. Ukiweza kukaa juu ya baiskeli saa tatu bila kukasirika na bila kushindana na anayekupita, Stelvio ni yako hata kama huna kasi. Kijana mwenye mapaja manene asiyejua kutulia huishia kona ya thelathini, amekaa ukingoni.

Tremola, barabara ya zamani ya Gotthard upande wa Airolo, ni ndugu wa Stelvio. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19 kwa magari ya posta, na hadi leo ina mawe ya kupangwa kwa mkono. Magari mengi yamehamia barabara mpya, kwa hiyo kuna utulivu, lakini mawe yale yanatikisa mikono na kulegeza skrubu. Anayetaka kuipanda namwambia apunguze upepo kwenye tairi na akaze keria kabla hajaondoka.

Halafu ikaja motokaa, na hapa ndipo hesabu inapogeuka kinyume na wanavyodhani wengi. Watu huamini barabara mpya ni nyepesi kuliko ya kale. Karibu na kwetu ipo barabara ya Grossglockner, iliyochorwa na mhandisi Franz Wallack, ikajengwa kuanzia 1930 katika miaka ya njaa na ukosefu wa kazi, ikafunguliwa tarehe 3 Agosti 1935. Inapita Hochtor, mita 2,504. Ilijengewa injini. Injini haichoki, kwa hiyo vipo vipande vya asilimia 12 visivyo na pa kupumua, mahali ambapo farasi wa Donegani wangegoma. Mwaka 1937 Ufaransa nayo ilizindua Iseran, mita 2,764, na kukamilisha Route des Grandes Alpes iliyobuniwa na Touring Club de France mwaka 1909. Kutoka ziwa Geneva hadi bahari ya Mediterania ni zaidi ya kilomita 700, na vipito vyake ni zaidi ya kumi na tano. Klabu ile ilianzishwa na wapanda baiskeli mwaka 1890, lakini barabara iliyoiomba ilichukuliwa mapema na mabasi ya watalii ya kampuni ya reli ya PLM. Ndiyo maana siku za safari ile zinamchosha mwendesha baiskeli hata leo: zilikatwa kwa kipimo cha basi.

Na baiskeli yenyewe? Ile iliyofika Alpi miaka ya 1890 haikuwa na gia, na nyingi hazikuwa na friwili. Pedali zilizunguka na gurudumu kila wakati, upende usipende. Kupanda kipito kulimaanisha kusukuma kwa miguu sehemu kubwa ya njia, na hakuna aliyeona aibu. Kusukuma kulikuwa sehemu ya safari. Elizabeth Robins Pennell, mwandishi Mmarekani aliyeishi London, alivuka vipito vya Alpi namna hiyo pamoja na mumewe mchoraji, na mwaka 1898 akatoa kitabu juu ya safari hiyo. Ninamtaja kwa heshima kila ninapopata mteja mwanamke aliyeambiwa na wenzake kwamba milima si ya kwake.

Balaa kubwa ilikuwa kuteremka. Breki ya wakati ule ilikuwa kijiko cha chuma kinachokandamiza tairi la mbele, na mteremko wa kilomita kumi ungeichana tairi au kuichoma. Wapo waliokata tawi la mti wakalifunga nyuma ya baiskeli ili liburuzwe na kuwapunguza mwendo, wakitimua vumbi lililowaudhi wanakijiji. Friwili ilipoenea mwishoni mwa karne ile, breki nazo zikalazimika kuwa bora, kwa maana miguu haikuweza tena kuzuia gurudumu.

Mimi ni fundi, basi niruhusiwe kukaa hapa kidogo. Madaraja yote ya uwezo ninayoyajua huhesabu kupanda. Kuteremka hakuna anayekuhesabu, ilhali wanaoniletea baiskeli zilizoumia karibu wote waliumia wakishuka. Naona diski zilizogeuka rangi ya samawati kwa joto, pedi za breki zilizokwisha hadi chuma kinasuguana na chuma, na mikono ya mwenye baiskeli inatetemeka bado. Kushuka Grossglockner na mzigo ni kazi ya ustadi. Unabana breki kwa nguvu kabla ya kona, unaachia ndani ya kona, unabadilishana ya mbele na ya nyuma, na unasimama kila baada ya muda chuma kipoe. Anayeshika breki kidogo kidogo njia nzima kwa hofu ndiye anayezichoma. Kwa hiyo mgeni anaponiambia miguu yake ni imara, namwuliza ameshawahi kuteremka nini. Akinyamaza, hata kama anaweza kupanda Stelvio, simtumi Stelvio.

Gia zilipiganiwa. Katika Saint-Étienne, mji wa Ufaransa uliojulikana kwa bunduki, riboni na baiskeli, Paul de Vivie aliacha biashara ya hariri akauza baiskeli, na kuanzia 1887 akachapisha gazeti lililokuja kuitwa Le Cycliste. Alijiita Vélocio. Alijaribu minyororo miwili, mitatu, meno ya kila ukubwa, akipanda milima ya nyumbani kwao kupima kila kimoja. Mwaka 1902 Touring Club de France ilizipima baiskeli za namna hiyo kwenye Tourmalet, kule Pyrenees. Henri Desgrange, aliyeanzisha Tour de France mwaka uliofuata, alikuwa mpinzani mkubwa: aliandika kwamba gia zinawafaa waliopita umri wa miaka 45. Wanaume wa mbio zake walipanda kipito cha Galibier, katika Alpi, mwaka 1911 kwa gia moja, katika siku ya kilomita 366 kutoka Chamonix hadi Grenoble. Émile Georget akafika juu wa kwanza, na wengi nyuma yake walitembea kwa miguu kwenye matope na theluji. Tour haikuruhusu gia za kuhamisha mnyororo hadi 1937. Vélocio alikuwa amefariki miaka saba kabla, amegongwa na tramu.

Nasimama upande wa Vélocio bila kusita. Yeye alifundisha kula kabla ya njaa, kupumzika mara chache na kwa muda mfupi, kuvaa nguo kabla baridi haijaingia, na kutoendesha kamwe kwa ajili ya kujionyesha. Hiyo ndiyo elimu ya safari ya siku nyingi. Lakini sifa walipewa wa Desgrange, na namna yao ya kuuona mlima imetawala hadi kwenye vibao. Tour ilianza kutoa pointi za milima mwaka 1933. Mwaka 1947 ikaigawa milima kwenye madaraja mawili, la tatu likaongezwa 1949, la nne 1962, na mwaka 1979 likaja lile la juu ya yote lisilo na namba. Madaraja hayo yalikuwa ya kugawia pointi. Mlima ule ule hubadilishiwa daraja ukiwekwa mwanzoni au mwishoni mwa siku ya mbio. Msafiri anayechagua njia kwa daraja la Tour anatumia kipimo ambacho hakikumfikiria kabisa.

Kulikuwa na vipimo vya kweli zaidi, na vimesahauliwa isivyo haki. Kabla ya 1900 wapanda baiskeli wa Uingereza na Ujerumani walinunua vitabu na ramani zilizochora barabara kwa ubavu, mpando na mteremko ukaonekana kwa jicho. Mtu alijua kabla ya chai ya asubuhi atasukuma wapi. Touring Club ya Italia, iliyoanzishwa Milano mwaka 1894 na wapanda baiskeli 57, ilifanya kazi kubwa ya namna hiyo. Ramani za Michelin hadi leo zina vimishale juu ya barabara: kimoja kwa asilimia 5 hadi 9, viwili hadi 13, vitatu kupita hapo. Vimishale hivyo havimwambii mtu yeye ni dhaifu au hodari. Vinamwonyesha mlima ulipo, uamuzi anabaki nao mwenyewe. Waswisi walipofungua njia zao tisa za kitaifa mwaka 1998, wakiweka vibao vyekundu vyenye namba kila njia panda, walifanya jambo jingine la maana: waliziunganisha na reli. Njia namba 2, ya mto Rhine, inaanzia Andermatt na kuvuka Oberalp, mita 2,044. Asiyetaka mpando huo anapanda treni ya mlimani, ambayo imekuwa ikipita kileleni tangu 1926, na kuanza safari juu. Ajue tu kwamba chini ya Ilanz njia inapanda tena upande wa Versam, juu ya korongo la Rhine. Wengi hudhani kufuata mto ni kuteremka muda wote, na hapo ndipo wanapochoka kuliko siku zote.

Miaka hii imeingia baiskeli ya umeme, na hapa pia Waswisi walitangulia: kiwanda cha Flyer kilizaliwa mkoani Bern mwaka 1995, na katika vilima vya Emmental ikaanzishwa Herzroute, njia iliyobuniwa makusudi kwa ajili ya baiskeli hizo, ambayo sasa inatoka Lausanne hadi Rorschach. Nazipenda. Mume mwenye mbio na mke asiye na haraka sasa wanafika kileleni pamoja, na mzee mwenye goti bovu anaiona theluji ya Agosti. Ila baiskeli ya umeme ni nzito, mara nyingi kilo 25 bila mizigo, na uzito huo wote unakungoja kwenye mteremko na kwenye ngazi za stesheni. Betri inakupandisha tu. Kukushusha ni juu ya breki na mikono yako.

Kiangazi kilichopita aliingia mama mmoja Mzanzibari anayeishi Munich, amefuatana na binti yake. Kumsikia tu anazungumza nilifurahi. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akaniwahi kabla sijamwuliza kitu.

"Mwanangu, huyu mtoto anataka kunipeleka Italia kwa baiskeli. Mie na milima hii wapi na wapi?"

"Mama, wewe hutapanda mlima. Utapita palipokuwa panapita treni."

"Na hiyo treni?"

"Imehamishiwa ndani, kwenye mahandaki mapya. Njia yake ya zamani imetiwa lami, ni ya baiskeli na waenda kwa miguu."

Alimtazama binti yake, akanitazama mimi. "Haya, nieleze kituo kwa kituo."

Nikamweleza, kwa sababu reli ndiyo mjenzi mpole kuliko wote. Gari la moshi haliwezi kabisa kupanda wima. Reli ya Gotthard ya mwaka 1882, yenye sifa ya ukali, haikuzidi mita 27 za mwinuko kwa kila mita 1,000. Mwinuko huo mtoto wa shule anauendesha akiimba. Reli iitwayo Pontebbana, kutoka Udine hadi Tarvisio, ilikamilika mwaka 1879, na hadi Vita vya Kwanza vya Dunia mpaka wa Austria na Italia ulikatiza hapo Pontebba, mji mmoja ukawa na majina mawili na forodha mbili. Italia ilipochimba mahandaki mapya, njia ya zamani iliachwa kipande kwa kipande, na ilipofika 2000 treni zote zilikuwa zimehama. Yakabaki madaraja ya chuma juu ya mto Fella, mahandaki ya mawe, na stesheni zisizo na abiria. Sasa mahandaki yana taa, na stesheni ya Chiusaforte inauza kahawa na mikate kwa wapanda baiskeli. Ni sehemu ya njia ya Alpe Adria, kama kilomita 410 kutoka Salzburg hadi Grado. Hata kule juu, mlima mkubwa wa Tauern, baiskeli hupandishwa treni Böckstein na kushushwa Mallnitz, kupitia handaki la 1909 lenye urefu wa zaidi ya kilomita nane.

Nilimpangia aanzie hapa Villach, kama kilomita 180 zilizobaki, kwa siku tano. Siku ya kwanza hadi Tarvisio, ambayo ndiyo ya kupanda, mita 250 tu kwa jumla. Na akichoka ipo treni inayochukua baiskeli. Siku ya pili Chiusaforte. Ya tatu Venzone, mji ulioangushwa na tetemeko la 1976, lililoua karibu watu 1,000 katika Friuli, kisha wenyewe wakalijenga upya kanisa lao kuu kwa mawe yale yale waliyoyaokota na kuyatia namba. Ya nne Udine, na hapo milima imeshabaki nyuma. Ya tano Palmanova, ngome ya nyota ya Wavenisi ya mwaka 1593, halafu Aquileia, koloni la Warumi la 181 KK, hadi baharini. Nilimwonya kwamba baada ya Venzone njia huingia barabara za kawaida zenye magari, na kwamba joto la Julai kwenye tambarare lingemchosha kuliko mlima wowote, basi aondoke alfajiri.

Binti aliuliza kama hiyo si njia ya wanaoanza. Nilimjibu ni njia ya reli, na kwamba watu wa mbio nao huipita wakiwa wametulia, wakatazama maporomoko na mabonde ambayo juu kwenye vipito hawayaoni kwa jasho lililowajaa machoni. Mama alichukua baiskeli ya umeme, binti ya kawaida. Nikawabadilishia pedi za mbele zote mbili.

Walinipigia simu kutoka Grado. Mama alikuwa na swali jipya, juu ya mnara ulio ndani ya maji, ambao binti alikuwa amemwonyesha kwenye picha. Nimewaandikia ratiba ya Septemba, wakati matofaa ya Vinschgau yanavunwa: treni hadi Landeck, basi la baiskeli hadi Nauders, na kutoka hapo kaskazini kwenda kusini, siku tatu hadi Merano bila kukimbizana. Baiskeli waniletee wiki moja kabla, niangalie breki.